Maelezo ya Kundi la Nakala Rudufu: Namna ya Kuyahariri Bila Kuyapoteza

Ndani ya folda ya kundi la nakala rudufu, kwenye seva inayotumia Proxmox Backup Server, programu ya kupokea na kutunza nakala rudufu, huweza kukutwa faili moja ndogo ya mistari michache ambayo, tofauti na kila kitu kingine kilichomo humo, imeandikwa na mtu. Faili hiyo inaitwa notes. Vipande vya data vimekatwa na programu, orodha za vipande zimetungwa na programu, tarehe zimetokana na saa ya mashine, na hata jina la mmiliki wa kundi limeandikwa na programu siku nakala ya kwanza ilipofika. Maelezo peke yake ndiyo yaliyotoka kichwani mwa fundi. Kwa sababu hiyo, faili hiyo ndiyo kitu pekee katika kundi zima ambacho seva haiwezi kukikagua wala kukitengeneza upya kikiharibika, na nionavyo mimi zana ya kuyahariri inastahili uangalifu zaidi kuliko unaotarajiwa kwa kazi ya kubadilisha mistari mitatu ya maandishi.

Naandika kutoka Arusha, ambako mimi na wenzangu tunatunza seva za wateja wadogo: shule, kampuni za utalii, vyama vya akiba na mikopo, pamoja na ofisi mbili tatu za Moshi zinazojishughulisha na kahawa. Mmoja wetu anaishi Moshi, kilomita zipatazo 80 kutoka hapa, na umbali huo, kama itakavyoonekana, ulichangia kutufundisha somo hili.

Tuanze na mpangilio wenyewe, maana bila kuuelewa hatari haionekani. Proxmox Backup Server, inayotengenezwa na kampuni ya Proxmox ya Vienna, Austria, na iliyotoka kwa toleo la 1.0 mwezi Novemba 2020, hupokea nakala za aina tatu: za mashine pepe (kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine), za kontena (mfumo mwepesi uliotengwa ndani ya mashine), na za kompyuta ya kawaida au folda zake. Aina hizo huandikwa kwa kifupi vm, ct na host. Mahali nakala zinapowekwa ni ghala, na ndani ya ghala kunaweza kuwa na matawi, ambayo yaliongezwa katika toleo la 2.2 la mwaka 2022 ili seva kadhaa zenye namba zinazofanana zisigongane. Kundi ni aina ikiunganishwa na kitambulisho, kwa mfano vm/104, yaani nakala zote za mashine pepe namba 104. Chini ya kundi kuna snapshoti, yaani nakala ya mara moja, na kila snapshoti ni folda yenye jina la tarehe na saa kwa majira ya UTC. Folda iliyoandikwa 2024-03-15T20:00:04Z ni nakala iliyoanza saa tano usiku kwa saa zetu, na fundi mgeni akisahau zile saa tatu za tofauti atahesabu vibaya usiku mzima wa kazi.

Data yenyewe haikai ndani ya snapshoti. Hukatwa vipande, na kila kipande huhifadhiwa katika folda ya pamoja ya ghala iitwayo .chunks, iliyogawanywa folda ndogo 65,536, kwa jina linalotokana na yaliyomo ndani ya kipande hicho. Snapshoti hubeba orodha tu ya vipande vinavyohitajika, kwa hiyo nakala thelathini za seva moja zinaweza kutumia vipande vilevile bila kuvirudia. Uzuri wa mpango huu ni kwamba seva inaweza kupitia kipande kimoja kimoja, ikakokotoa upya alama yake, ikasema kama kimeoza. Faili ya maelezo haina bahati hiyo. Iko pembeni, katika folda ya kundi, kando ya faili nyingine ndogo inayotaja mmiliki, na ni maandishi matupu. Ikigeuka tupu, seva itaona kwamba kundi halina maelezo, jambo ambalo ni halali kabisa, na haitapiga kelele yoyote.

Hapa kuna mkanganyiko ambao mafundi wengi huingia, nami niliingia. Yapo maelezo ya kundi na yapo maelezo ya snapshoti, na ingawa kwenye kivinjari yanaonekana kama ndugu, hayahifadhiwi mahali pamoja. Maelezo ya snapshoti yamo ndani ya faili ya index.json.blob, ambayo ndiyo hati ya usafirishaji ya snapshoti hiyo: inataja kila faili iliyopokelewa, ukubwa wake na alama yake. Ndani ya hati hiyo kuna sehemu iliyoachwa nje ya sahihi, inayoruhusiwa kubadilika baada ya nakala kukamilika, na maelezo yamewekwa humo pamoja na matokeo ya ukaguzi. Ila faili yenyewe imefungwa kwa kichwa chenye baiti nane za utambulisho na baiti nne za hesabu ya uhakiki. Anayeifungua kwa programu ya kuhariri maandishi, akabadilisha neno moja na kuhifadhi, anavunja hesabu hiyo, na kuanzia hapo snapshoti yote inahesabika kuwa mbovu ingawa hakuna hata kipande kimoja cha data kilichoguswa. Kwa maelezo ya snapshoti, basi, mlango wa nyuma umefungwa kwa kufuli. Kwa maelezo ya kundi mlango wa nyuma uko wazi, na watu hupita.

Nieleze kilichotupata. Mteja mmoja wa Moshi alikuwa na seva ya uhasibu iliyokuwa mashine pepe namba 104. Ilipostaafishwa, mashine ikafutwa lakini nakala zake zikaachwa ghalani, kwa kuwa mkaguzi wa hesabu alikuwa bado hajamaliza kazi yake. Miezi kadhaa baadaye ikaundwa mashine mpya kwa ajili ya kazi nyingine kabisa, na mfumo, ambao hupendekeza namba iliyo wazi kuanzia 100, ukaipa namba 104. Hakuna aliyeona tatizo. Usiku ule nakala ya mashine mpya ikaingia kundi lilelile la vm/104, juu ya nakala za seva ya uhasibu, kwa sababu kundi halijui mashine. Linajua aina na namba. Tulipogundua, tuliandika maelezo ya mistari minne: kwamba snapshoti za kabla ya tarehe fulani ni za uhasibu, kwamba mkaguzi bado anazihitaji, ni nani wa kuulizwa kabla ya kuziondoa, na kwamba mashine mpya itahamishiwa namba nyingine.

Wiki chache baadaye mimi nikiwa Arusha nilifungua maelezo hayo kuongeza namba ya tiketi ya kazi. Mwenzangu wa Moshi naye, dakika zilezile, aliyafungua kurekebisha jina la mtu wa kuulizwa. Baada ya yeye kufungua na kabla yangu, mtu mwingine ofisini alikuwa amejaribu kupanga maelezo ya makundi yote kwa mkupuo, kwa amri ya ganda (programu inayopokea amri za maandishi) iliyosoma kila faili ya maelezo, ikaigeuza, na kuielekeza kwa alama ya > kwenye faili ileile. Nilichokikuta mimi kilikuwa kisanduku kitupu. Nikadhani nimekosea kundi, nikaandika namba ya tiketi peke yake, nikahifadhi. Mwenzangu, ambaye ukurasa wake ulikuwa umefunguka mapema zaidi na ulikuwa bado unaonyesha mistari yote minne, akapiga simu.

“Kaka, maelezo ya mia na nne umeyafuta?”

“Hapana, dada. Mimi nimekuta patupu, nimeandika tiketi tu.”

Kwa bahati mbaya alikuwa ameshaufunga ule ukurasa ili aufungue upya na kuona nilichoandika.

Mistari ile haikuwa na nakala popote. Tukajaribu kuikumbuka, tukaiandika upya kwa kukisia, na katikati ya kukisia huko mpaka wa tarehe ukakosewa kwa mwezi mzima. Mpango wa upogoaji uliofuata ukaondoa snapshoti nne za uhasibu ambazo zilipaswa kubaki. Neno upogoaji mkulima wa kahawa wa Marangu analielewa vizuri kuliko fundi wa kompyuta: unaondoa matawi ya zamani ili mti usijibebeshe mzigo. Seva nayo hupogoa kwa kanuni, kwa mfano ibakize saba za mwisho, moja kwa kila wiki, moja kwa kila mwezi, na kanuni hiyo huhesabiwa kwa kundi. Kundi likiwa na seva mbili ndani yake, snapshoti za seva mpya huhesabiwa pamoja na za zamani, na za zamani ndizo husukumwa nje. Baada ya hapo hupita ukusanyaji wa taka, ambao huvipa vipande visivyotumika muhula wa kama saa 24 na dakika 5 tangu vilipoguswa mara ya mwisho, kisha huvifuta. Sisi tuligundua siku ya tatu.

Ni haki kusema kwamba maelezo hayakuwa kinga sahihi tangu mwanzo. Maelezo ni barua kwa binadamu, seva haiyasomi. Kuandika “USIFUTE” kwa herufi kubwa hakuzuii upogoaji hata kidogo. Kinachozuia ni kuiwekea snapshoti yenyewe alama ya ulinzi, ambayo seva huiheshimu wakati wa kupogoa, na sisi hatukuwa tumeiweka. Hata hivyo alama ya ulinzi husema tu kwamba kitu kisifutwe. Haisemi kwa nini, kwa ajili ya nani, wala mpaka lini, na alama isiyo na sababu haidumu: baada ya mwaka mmoja fundi mwenye diski iliyojaa ataiondoa.

Turudi kwenye ile amri ya ganda, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kwa karibu namna maandishi yanavyopotea. Fundi anapoandika amri inayosoma faili, kuichuja, na kuelekeza matokeo kwenye faili ileile, ganda hufungua faili ya matokeo kwanza, kabla ya amri kusoma herufi hata moja, na kuifungua kwa kuandika upya maana yake ni kuifanya tupu. Amri inapoanza kusoma, inakuta sifuri, inachuja sifuri, inaandika sifuri. Hakuna ujumbe wa kosa. Amri imefaulu. Nimemwona mtu mwenye uzoefu wa miaka kumi akifanya hivyo, na nimejiona mimi mwenyewe.

Wanaotumia programu ya kuhariri badala ya ganda wako salama kidogo tu. Baadhi ya programu hizo, zinapohifadhi, huifuta faili iliyopo na kuandika juu yake. Ikiwa diski imejaa, na diski ya seva ya nakala ndiyo diski inayojaa kuliko zote, ufutaji hufaulu na uandishi hushindwa, kwa maana kufuta hakuhitaji nafasi. Umeme ukikatika katikati ya matendo hayo mawili, matokeo ni yaleyale. Njia iliyo salama inajulikana miaka mingi: maandishi mapya huandikwa kwenye faili ya muda ndani ya folda ileile, mfumo huagizwa kuyafikisha diskini kwa hakika, kisha faili ya muda hupewa jina la ile ya zamani. Kubadilisha jina, ndani ya mfumo mmoja wa faili, ni tendo lisilogawanyika. Anayesoma atakuta ama maandishi ya zamani yote au mapya yote, kamwe si nusu. Agizo la kufikisha diskini si la kurukwa. Mwaka 2009 watumiaji wengi wa mfumo wa faili wa ext4 walikuta faili tupu baada ya mashine kuzimika ghafla, kwa sababu programu zao zilibadilisha jina kabla data haijaandikwa diskini, na ingawa Linux ilirekebishwa kupunguza madhara hayo, programu iliyoandikwa vizuri haitegemei huruma hiyo. Wala faili ya muda isiwekwe kwenye /tmp, folda ya vitu vya muda, ambayo mara nyingi ni mfumo mwingine wa faili: amri ya kuhamisha ikivuka mpaka huo hugeuka kuwa kunakili na kufuta, na ule usalama wote unayeyuka.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini ahangaike na faili wakati kivinjari kipo. Kwa kundi moja kivinjari kinatosha kabisa, na simshauri yeyote aandike zana kwa ajili ya makundi matano. Zana huhitajika makundi yanapofika mamia, yakiwa kwenye seva kadhaa, na mtu anapotaka kuhariri kwa programu aliyoizoea, kutafuta neno kwenye maelezo yote, au kuongeza mstari mmoja kwenye makundi ishirini ya mteja aliyebadilisha mtu wa mawasiliano. Hapo ndipo mtu hushawishika kuingia kwenye seva kama msimamizi mkuu na kuzishika faili kwa mkono. Njia halali ni ileile inayotumiwa na kivinjari kwa siri: mlango wa programu wa seva (API), kwenye tundu namba 8007, ambao una mwito wa kusoma maelezo ya kundi na mwito wa kuyaandika. Anayepita mlango huo hakabidhiwi diski. Seva yenyewe ndiyo inayoandika faili, kwa jina la mtumiaji wake yenyewe na ruhusa zinazostahili, na ndiyo inayohakiki kwanza kama mwombaji ana haki.

Mlango huo, hata hivyo, una tabia moja ambayo zana lazima iijue. Mwito wa kuandika hupokea maandishi kamili na kuyaweka mahali pa yaliyokuwepo. Hauongezi mstari, hubadilisha ukurasa mzima. Kwa hiyo anayeandika mwisho ndiye anayeshinda, na ushindi wake ni kufuta alichoandika mwenzake bila yeyote kujua. Huku ndiko kupoteza kwa aina ya pili, na hakuhusiani na diski wala umeme. Kunatokana na muda unaopita kati ya kusoma na kuandika, muda ambao mtu anafikiri, anapokea simu, anakwenda kunywa chai. Zana nzuri kimsingi ni jibu la swali hilo moja: nitajuaje kwamba ninachokibadilisha ndicho nilichokisoma?

Zana tuliyoiandika baada ya kisa cha 104 haina maajabu, na mtu yeyote anayeweza programu kidogo anaweza kuiunda. Kwanza inadai jina la kundi kwa ukamilifu: seva, ghala, tawi, aina na kitambulisho. Haikubali vm/104 peke yake, kwa kuwa vm/104 inaweza kuwepo kwenye shina la ghala na tena kwenye tawi la mteja mwingine. Kabla ya kufungua chochote inaonyesha idadi ya snapshoti za kundi, tarehe ya ya kwanza na ya mwisho, kwa saa za hapa. Mstari huo mmoja umetuokoa mara nyingi kuliko hila nyingine zote. Anayetarajia kuona nakala ya jana na akakuta ya mwaka juzi anajua amebisha mlango usio wake.

Kisha inasoma maelezo, inakokotoa alama yake kwa SHA-256, hesabu inayoyapa maandishi alama yao ya kipekee, na kuitunza, na kuyaweka maandishi katika faili ya muda kwenye kompyuta ya fundi, inayosomeka na fundi huyo tu. Fundi anahariri kwa programu aipendayo. Akifunga bila kubadilisha kitu, zana inaondoka kimya. Akifunga huku faili ikiwa tupu ilhali mwanzoni haikuwa tupu, zana inakataa, na ili kufuta maelezo kwa makusudi lazima aombe hivyo kwa amri ya peke yake. Nilibishana na wenzangu kuhusu sharti hili. Mmoja aliona ni kumtendea fundi kama mtoto. Nikamkumbusha kisanduku kitupu.

Baada ya hapo huonyeshwa tofauti, mistari iliyoondolewa na iliyoongezwa, na swali la kuthibitisha. Akithibitisha, zana inarudi kwenye seva na kuyasoma maelezo upya, inakokotoa alama tena, na kuilinganisha na ile iliyotunzwa. Zikifanana, inaandika. Zisipofanana, inasimama, inamwonyesha alichokikuta sasa, na inaihifadhi rasimu yake mahali anapoambiwa, ili kazi ya vidole vyake isipotee kwa sababu mwenzake alimtangulia. Haijaribu kuunganisha maandishi mawili yenyewe. Maelezo ni sentensi za watu, na sentensi mbili zinazopingana haziunganishwi na programu.

Toleo la kwanza la zana lilikuwa linakataa kila wakati. Tulitumia nusu siku kutafuta sababu, tukaikuta kwenye mwisho wa faili: programu za kuhariri huongeza alama ya mstari mpya mwishoni, ganda nalo huziondoa alama hizo linapobeba maandishi kutoka amri moja hadi nyingine, na alama ya SHA-256 hubadilika kabisa kwa baiti moja tu. Tangu hapo zana hulinganisha na kupeleka maandishi baada ya kukata nafasi tupu za mwishoni, kwa kanuni moja isiyobadilika, pande zote mbili.

Sitadai kwamba ulinganisho huo unaziba kila mwanya. Kati ya kusoma mara ya pili na kuandika kuna sehemu ndogo ya sekunde ambapo mtu mwingine anaweza kupenya, na kwa kuwa ukaguzi unafanyika upande wetu, si ndani ya seva, hatuwezi kuufuta mwanya huo. Tunaupunguza kutoka dakika kumi na tano za chai hadi kufumba na kufumbua. Tumeongeza pia kufuli kati yetu, faili inayotaja nani anahariri kundi gani, lakini kufuli ya namna hiyo inamfunga anayetumia zana tu. Anayeingia kwa kivinjari haioni. Ndiyo maana baada ya kuandika zana husoma mara ya tatu, kuhakikisha kilichopo ndicho kilichopelekwa, na ndiyo maana hatua ambayo naiona kuu kuliko zote si kufuli bali kumbukumbu: kabla ya kuandika, maandishi ya zamani huwekwa kwenye daftari la historia pamoja na jina la fundi, muda na jina kamili la kundi. Sisi tunatumia git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili, kwa kazi hiyo, na daftari hilo halikai kwenye seva ya nakala. Kosa likipita kinga zote zilizotangulia, linarekebishwa kwa dakika moja.

Ruhusa zinahitaji maneno machache. Zana isitumie jina na nywila ya msimamizi mkuu. Seva hutoa tokeni, yaani kitambulisho cha siri cha kutumiwa na programu, ambayo haki zake haziwezi kuzidi za mtumiaji aliyeimiliki na zinaweza kupunguzwa zaidi. Kuhariri maelezo ya kundi kunahitaji ama haki ya kurekebisha ghala, ama haki ya kuweka nakala ukiwa pia mmiliki wa kundi husika. Ya kwanza huruhusu pia kufuta snapshoti, kwa hiyo ya pili ndiyo salama zaidi, na haki ya kupogoa haihitajiki, isitolewe. Tokeni isiyoweza kufuta snapshoti ikiibwa, mwizi anaweza kuandika upuuzi kwenye maelezo, lakini hawezi kuziondoa nakala zilizopo. Pia cheti cha utambulisho cha seva hizi kwa kawaida hutiwa sahihi na seva yenyewe, na mafundi wenye haraka huzima uhakiki wote ili onyo liwatoke machoni. Badala yake zana ipewe alama ya cheti hicho mapema na ikatae seva yoyote yenye alama nyingine.

Lipo pia suala la kinachoandikwa. Mteja wetu mmoja, anayesimba nakala zake kabla hazijaondoka kwenye seva yake, alishangaa kusikia kwamba maelezo ya makundi yake tunayasoma bila ufunguo wowote. Usimbaji huhusu data. Maelezo ya kundi hubaki maandishi matupu kwenye diski ya seva inayoyapokea. Anayeandika humo nywila ya hifadhidata, na wapo, ameiweka barazani. Majina na namba za simu za watu nayo yanahitaji kufikiriwa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haibagui kati ya faili kubwa na faili ya mistari minne. Sisi sasa tunaandika cheo na namba ya tiketi. Mtu mwenyewe anatafutwa kwenye mfumo wa tiketi, ambao una milango yake. Mstari wa kwanza tunaufanya ujitegemee, maana ndio unaoonekana kwenye orodha ya makundi, na anayepitisha macho haraka hataona mwingine.

Kuhusu vm/104, mpaka wa tarehe tuliupata baadaye kwa njia ambayo tungeifikiria mapema kama tungetulia. Kila snapshoti ya mashine pepe hubeba pia nakala ya mipangilio ya mashine hiyo, katika faili iitwayo qemu-server.conf.blob, na jina la mashine limo humo. Mwenzangu alizipitia snapshoti zilizobaki, moja baada ya nyingine, mpaka jina lilipobadilika, na mpaka ulikuwa hapo, sahihi kwa siku na kwa saa. Seva ilikuwa inaujua muda wote. Isichokijua ni kwamba mkaguzi alikuwa anahitaji hesabu za miezi minne mahususi, na ni ipi kati ya hiyo iliyokuwa kwenye snapshoti zilizopogolewa. Hilo tulilijua kwa kumpigia simu mkaguzi mwenyewe. Miwili ilikuwa imebaki. Miwili mingine mhasibu wa mteja aliijenga upya kutoka kwenye vitabu vya karatasi, kazi iliyomchukua wiki tatu, na bili yake tulilipa sisi.

Mashine mpya sasa ina namba 131. Kundi la 104 halipokei tena nakala, snapshoti zake zilizobaki zina alama ya ulinzi, na kwenye orodha mstari wake wa kwanza unasomeka hivi: “Uhasibu wa zamani pekee. Mwisho wa kuhifadhi: baada ya barua ya mkaguzi, tazama tiketi.”